Kumi Iliyosomwa Arobaini

Katika ofisi ile hapakuwa na adhabu iliyoogopwa kuliko kusimama. Kampuni ilihifadhi majibu ya vipimo vya maabara kwa niaba ya hospitali nyingi, na mfumo ulipoanguka, madaktari walibaki kando ya vitanda bila kujua damu ya mgonjwa ilisema nini. Mkurugenzi, ambaye kabla ya kuvaa suti alikuwa mtu wa darubini na vichupa, aliweka utaratibu ambao haukuwahi kubadilishwa. Baada ya kila anguko wafanyakazi wote walikusanyika katika ukumbi wa ghorofa ya pili, na yule ambaye sehemu yake ya mfumo ndiyo iliyosababisha alisimama na kueleza chanzo tangu shina hadi matawi. Anayesimama hakatizwi. Akishaketi, kikao kimefungwa, na kikao kilichofungwa hakifunguliwi tena, kwa kuwa Mkurugenzi alisema hataki ofisi inayoishi kwa kufukua makaburi.

Msanifu wa mifumo alikuwa amesimama mara moja, zamani kidogo, kabla hajapewa cheo hicho. Siku zile alikuwa mwandishi wa programu ya majibu, ile ambayo daktari huifungua na kusoma kipimo. Programu hiyo, kama nyingine zote za kampuni, ilichota habari kutoka hifadhidata moja kubwa. Hifadhidata ina miunganisho ya kuhudumia, mfano wa madirisha ya posta: kila programu inayotaka kusoma hushika dirisha, na madirisha yana kikomo. Programu moja ikishika mengi kuliko haja yake, zilizobaki hupanga foleni. Foleni ikiishinda subira, kila kitu hugoma. Yeye aliandika kwamba kila nakala ya programu yake, na nakala kadhaa zilifanya kazi kwa wakati mmoja, ishike miunganisho kumi. Siku ya anguko, kumbukumbu za hifadhidata zilionyesha kila nakala imeshika arobaini.

Alisimama, akaeleza, kisha akaulizwa.

"Uliandika ngapi?"

"Kumi, Mkurugenzi."

"Hifadhidata inasema arobaini."

"Ninajua inavyosema. Mimi niliandika kumi."

Mkurugenzi akamgeukia mkuu wa maktaba ya pamoja. Maktaba hiyo haikuwa ya vitabu. Ilikuwa tabaka la katikati, msimbo ambao programu zote zililazimika kuupitia ili kuifikia hifadhidata. Mkuu wake alikuwa mtu mtanashati, mwenye tai za rangi ya zambarau na kicheko cha mwenye nyumba. Alikuwa pia kaka mkubwa wa mume wa yule mwanamke aliyesimama. Ndiye aliyemwambia kwamba nafasi ya kazi ipo, na katika familia jambo hilo halikuachwa lisahaulike.

"Maktaba yako inagusa namba ya mtu?" Mkurugenzi aliuliza.

Shemeji alinyoosha tai yake. "Maktaba inabeba inachopewa."

Mwanamke aliketi, na kikao kikafungwa. Wiki iliyofuata alihamishiwa meza ya simu, kupokea malalamiko ya wateja waliosahau nywila zao. Kazini wakamwita Dada Arobaini. Shemeji alilibeba jina hilo mpaka nyumbani kwa mama yao, akalimwaga mezani pamoja na vicheko, na watoto wake wakaanza kumwita Mama Mdogo Arobaini kwa mapenzi yote, bila kujua walichokuwa wakisema.

Kati ya simu moja na nyingine alisoma msimbo wa maktaba. Haukuwa umefichwa, ulikuwa wazi kwa kila mfanyakazi, ila hapakuwa na aliyeusoma, kama ambavyo hakuna anayechungulia ndani ya ukuta ambao haujapasuka. Siku moja, huku mteja akimsubirisha upande wa pili wa simu, aliukuta mstari. Ulisema kwamba programu ikileta namba iliyo chini ya arobaini, ichukuliwe arobaini. Juu yake Shemeji alikuwa ameandika maelezo kwa mkono wake: namba ndogo ni ushauri tu.

Alielewa mara moja jinsi ulivyozaliwa. Zamani, kama ofisi nzima ilivyokumbuka, mteja mmoja mkubwa alilalamika kuwa majibu yanachelewa. Shemeji akapandisha namba kwa wote ili amnyamazishe mmoja, akasifiwa, akasahau. Alielewa pia kwa nini mstari ulikuwa bado pale. Kila badiliko la msimbo huacha alama ya jina na tarehe. Kuufuta baada ya kile kikao kungekuwa kujianika mwenyewe, kwa hiyo Shemeji aliuacha ulale, akitumaini hakuna atakayeukanyaga.

Hakumwambia mtu, hata mumewe. Kumwambia Mkurugenzi kungemletea jibu moja tu: kikao kilifungwa. Kumwambia mama mkwe kungekuwa kuleta fitina. Alichokitaka hakikuwa msamaha wa pembeni, wala neno la faragha kwenye ngazi. Alitaka Shemeji aulizwe mbele ya watu walewale, katika ukumbi uleule, na jina lake lioshwe mahali lilipochafuliwa. Kwa hiyo aliitunza hasira yake kwa nidhamu, kama mtu anavyotunza kisu kizuri: aliifuta, aliinoa, akaiweka mahali anapopajua.

Kazi yake ilikuwa nzuri, na watu wazuri ni wachache. Msanifu aliyemtangulia alipohamia kampuni nyingine, Mkurugenzi alimtoa kwenye meza ya simu akampa cheo hicho. Jukumu lake kubwa la kwanza lilimfikia kana kwamba ameliagiza. Mfumo ulikuwa umeanza tena kukwama kidogo kidogo, na kila idara ilikuwa ikiilaumu nyingine. Mkurugenzi alimtaka aamue, mara moja na kwa wote, ni tabaka gani litakalokuwa na kauli ya mwisho juu ya miunganisho: programu zenyewe, maktaba ya katikati, au mipangilio ya nje, ile ambayo watu wa seva huikabidhi programu inapoamka.

Aliitisha mkutano katika ukumbi uleule wa ghorofa ya pili, Mkurugenzi akiwapo, akamwacha kila mtu aseme.

Waandishi wa programu walisema kila programu inajijua, na asiyeijua asiipimie. Mtunza hifadhidata, mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi Hesabu, alisema programu ni kama wageni wa harusi: kila mmoja anajijua yeye na tumbo lake, hakuna anayejua ukubwa wa sufuria.

"Na wewe ndiye sufuria?" mmoja wao aliuliza.

"Mimi ndiye ninayeikwangua mkiondoka."

Watu walicheka. Shemeji alingoja kicheko kiishe ndipo akasimama, ingawa hapakuwa na haja ya kusimama.

"Ndugu zangu, tusizunguke mbuyu," alisema. "Programu ziko nyingi, kila moja na mwandishi wake, kila mwandishi na mapepe yake. Mipangilio ya nje nayo ni faili. Leo analigusa huyu, kesho yule. Njia ya kwenda kwenye databesi ni moja tu, nayo ni maktaba. Weka namba pale. Mahali pamoja, mkono mmoja. Likiharibika, mnajua mlango wa kubisha."

Haikuwa hoja mbaya, na Msanifu aliiandika kwa uaminifu ubaoni. Kisha akageuka, kalamu ikiwa bado mkononi.

"Nina swali moja la kiufundi, Shemeji, nisije nikaamua kwa kubahatisha. Leo hii, kabla hatujabadilisha chochote, mtu akiandika kumi kwenye programu yake, hifadhidata itaona ngapi?"

Ukumbi haukuelewa uzito wa swali, ila Shemeji aliuelewa. Alimtazama kwa muda mfupi, na katika muda huo Msanifu alimwona akizipima njia zake. Akisema arobaini, amekiri. Akisema kumi, basi anategemea kwamba hakuna atakayejaribu.

"Inategemea," alisema.

"Inategemea nini?"

"Mambo mengi. Mzigo, toleo, mazingira."

"Nakala moja, toleo la leo, mashine hii iliyo mbele yetu, haina mzigo wowote. Kumi itaonekana ngapi?"

"Shemeji, unanihoji kama trafiki."

"Trafiki anataka leseni. Mimi ninataka namba."

Vicheko vilimzunguka Shemeji kutoka pande zote, na labda ndivyo vilivyomponza, kwa maana hakuzoea kuchekwa.

"Kumi," alisema. "Itaonekana kumi. Maktaba inabeba inachopewa, nimeshasema."

"Bi Hesabu, tafadhali tuonyeshe madirisha yako ukutani."

Bi Hesabu alirusha picha ya hifadhidata ukutani. Msanifu akaandika kumi, polepole, ili kila mtu aone vidole vyake, kisha akaiamsha programu. Namba ukutani ilipanda kwa utulivu, ikapita kumi bila kusita, ikaendelea kupanda, ikatulia kwenye arobaini.

Mwandishi mmoja wa programu, aliyekuwepo siku ya kile kikao cha kwanza, alitazama ukuta, akamtazama Msanifu, kisha akainamisha kichwa. Msanifu aliufungua mstari wenyewe, pamoja na jina na tarehe iliyotangulia siku aliyosimama, akauacha ukutani hadi wa mwisho amalize kuusoma. Alihisi utamu ambao hakuwahi kuuonja katika maisha yake, na hakuuonea haya.

"Hilo ni suala la tafsiri," Shemeji alisema. "Wakati ule mahitaji yalikuwa mengine."

"Tarehe ninaiona," Mkurugenzi alisema. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. Msanifu alisubiri neno lililopaswa kufuata. Alikuwa amelisubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba alijua hata lingesikikaje.

"Kile kikao kilifungwa," Mkurugenzi alisema. "Leo tumekuja kuamua jambo la mbele. Msanifu, uamuzi wako?"

Utamu ulimgeukia mdomoni. Alitoa uamuzi wake kwa sauti isiyotetereka, na ulikuwa uamuzi sahihi, ule ambao angeutoa hata kama mkuu wa maktaba angekuwa malaika. Kauli ya mwisho itakuwa kwenye mipangilio ya nje, chini ya Bi Hesabu, kwa kuwa yeye peke yake anaona mzigo wote kwa pamoja. Programu itaweza kuomba, haitaweza kuamua. Maktaba itabeba namba bila kuigusa, na isipoikuta namba itakataa kuamka, badala ya kujitungia yake. Mkuu wa maktaba ataandika mabadiliko hayo mwenyewe. Yeye, Msanifu, atayapitia, na bila idhini yake hayataingia kwenye mfumo.

"Sawa," Mkurugenzi alisema, na watu wakatoka wakiongea mambo mengine.

Hapo ndipo kisasi kilipopata kazi ya kila siku. Shemeji alileta mabadiliko yake. Yalikuwa na kasoro ya kweli, Msanifu akayarudisha. Akaleta tena, palikuwa na kona moja ambayo namba ya zamani iliweza kujipenyeza, akayarudisha. Mara ya tatu yalikuwa safi. Aliyasoma mstari kwa mstari akiitafuta kasoro kama mtu anavyotafuta mfupa kwenye samaki, asiione. Akayarudisha, akiomba jina la kigezo kimoja libadilishwe. Mara ya nne aliomba maelezo yaandikwe kwa sentensi kamili. Mara ya tano aliomba sentensi hizo zifupishwe.

Bi Hesabu, ambaye namba zake mpya zilikuwa zimekaa kwenye mipangilio ya nje zikingoja maktaba iache kuzipuuza, alipita mezani kwake.

"Yule bwana kazi yake bado mbovu?"

"Ninaipitia."

"Mm," Bi Hesabu alisema, akaenda zake.

Jumapili familia ilikutana kwa mama mkwe kama kawaida. Msanifu alimwamkia mama, akaingia jikoni, akamenya vitunguu na kuzungumza juu ya bei ya gesi. Shemeji alimfuata hadi mlangoni mwa jiko, glasi ya maji mkononi.

"Shemeji, unanirudishia kazi kama mwalimu wa darasa la kwanza."

"Mwalimu wa darasa la kwanza anarudisha kwa sababu mtoto hajajua bado. Wewe hujajua?"

"Mwache mwenzio anywe maji," mama mkwe alisema bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Ya ofisini muyaache ofisini."

"Ndiyo, Mama."

Mama alipotoka kuita watoto, kicheko kilimwondoka Shemeji. Alisogea karibu na meza.

"Sikia. Kesho zinaingia hospitali mbili mpya. Nakala za programu zitaongezeka zenyewe asubuhi, na kila nakala itashika arobaini kama zamani. Unajua hesabu yake."

"Ninaijua kuliko wewe. Niliisomea kwenye meza ya simu."

"Basi ipitishe leo. Ufanye unavyotaka na mimi baadaye."

"Nitaipitia," alisema, akarudi kwenye kitunguu.

Usiku ule hakuigusa. Ilikuwa mbele yake, sahihi, ikihitaji kubonyezwa tu. Alijiambia kwamba Shemeji amekuja kuomba, na mtu aliyekuja kuomba angoje kidogo.

Jumatatu, kabla chai ya asubuhi haijapoa, mfumo ulianguka. Nakala ziliongezeka, kila moja ikanyakua arobaini yake, na hifadhidata ikafunga milango. Simu zililia mezani pote. Hospitali moja iliyokuwa imeshamvalisha mgonjwa nguo za upasuaji ilimrudisha wodini, maana hapakuwa na njia ya kuthibitisha kundi lake la damu. Msanifu aliyapitisha mabadiliko, Bi Hesabu akaiamsha maktaba upya, na madirisha yakaanza kufunguka. Adhuhuri wote waliitwa ghorofa ya pili.

"Tabaka lililosababisha linajulikana," Mkurugenzi alisema. "Ni maktaba, na ni mstari uleule. Mkuu wa maktaba, simama."

Hiki ndicho alichokuwa amekitaka. Shemeji atasimama mbele ya watu walewale, na safari hii asingekuwa na pa kujificha. Ilimlazimu tu akae kimya. Alimtazama Shemeji akiweka simu yake mezani na kufunga kifungo cha koti, akatarajia kuona hofu. Hakuiona. Aliona mtu anayejiandaa kulipia chai ya wengine. Papo hapo akaelewa. Shemeji angesimama kwa sentensi mbili: kwamba alichelewa kukamilisha kazi, na kwamba anaomba radhi. Hangemtaja yeye. Angeketi, kikao kingefungwa, na kuanzia siku hiyo angekuwa muungwana aliyemfichia shemeji yake aibu. Angelitaja jambo hilo kwa ukarimu kila Jumapili hadi wazeeke. Historia ya mstari ule ingezikwa ndani ya kikao kilichofungwa, na jina la Arobaini lingebaki hai.

Msanifu alisimama kwanza.

"Kaa, Shemeji," mkuu wa maktaba alimwambia kwa sauti ya chini, akiwa nusu amesimama. "Hili ni langu."

"Si lako. Lilikuwa mezani kwangu."

"Mkurugenzi, shemeji yangu ana huruma tu, anataka kunibebea."

"Sina," Msanifu alisema.

Mtu wa nyuma alicheka, kisha akakohoa ili kukificha kicheko. Wawili wale walibaki wamesimama, kila mmoja akimsubiri mwenzake aketi, na wafanyakazi ambao kwa kawaida walikuwa wakijikunyata kuikwepa zamu hiyo walishangaa kuona inagombewa.

"Mabadiliko yalikuwa mkononi mwa nani asubuhi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mwangu," Msanifu alijibu.

"Basi simama wewe. Wewe, kaa."

Shemeji aliketi, na sasa hofu ilionekana.

Msanifu alianza kwa utaratibu. Alisema mabadiliko yalikuwa sahihi tangu yalipoletwa mara ya tatu, na kwamba aliyarudisha tena na tena kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa yalikuwa ya mkuu wa maktaba. Alisema alionywa Jumapili juu ya hospitali mpya, akaelewa onyo, akaliacha. Alimtaja mgonjwa aliyerudishwa wodini, akasema mkono uliomrudisha ulikuwa huu, akauinua. Hakujipunguzia hata neno. Baadhi ya watu waliangalia sakafu.

"Hayo ni matawi," alisema. "Sasa ninakuja kwenye shina."

"Mkurugenzi," Shemeji alisema, "hapa tunaingia mambo ya familia, na vilevile kuna kikao ambacho kilishafungwa."

"Anayesimama hakatizwi," Mkurugenzi alisema bila kumtazama.

Akalieleza shina. Alieleza mteja mmoja aliyelalamika, mstari mmoja ulioandikwa kumnyamazisha, na maneno yaliyowekwa juu yake. Alieleza programu ya majibu na kumi aliyoiandika, asubuhi ya anguko la kwanza, swali aliloulizwa mkuu wa maktaba katika ukumbi huu, na jibu alilotoa akiwa anaujua mstari huo kama anavyoijua sahihi yake. Alieleza meza ya simu. Alieleza jina alilopewa, aliyelipeleka nyumbani kwao, na watoto waliofundishwa kuliita. Alisema bila mstari ule asingekuwa na kinyongo, na bila kinyongo mabadiliko yangepita wiki iliyopita. Kwa hiyo anguko la leo lina wazazi wawili, na yeye amekwisha kumtaja mmoja. Sauti yake haikupanda. Aliutumia muda wote aliohitaji, kwa kuwa ulikuwa wake, na kila Shemeji alipofumbua mdomo, Mkurugenzi aliinua kidole kimoja.

Kisha akaketi, na kikao kikafungwa. Kila kilichosemwa ndani yake kilikuwa sasa ndicho chanzo rasmi, na hapakuwa na wa kukifungua.

Alilipia. Mkurugenzi alimvua usanifu siku hiyohiyo, akamrudisha kuandika programu, na idhini ya mabadiliko akampa Bi Hesabu, aliyeipokea kwa kusema tu kwamba yeye hana shemeji pale ofisini. Maktaba ilipewa mtu mwingine. Mkuu wake wa zamani alihamishiwa meza ya simu. Kazini hakuna aliyesema samahani, lakini jina la Arobaini lilikoma kana kwamba limekatwa kwa mkasi. Siku ya kwanza ya Shemeji kwenye kazi mpya, Msanifu wa zamani alipiga namba ya meza ile kutoka chumba cha pili. Alisikia sauti nzito ikisema, "Karibu, nikusaidie nini?" akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata.

Jioni mama mkwe alimpigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kusikiliza upande mmoja kwa urefu.

"Umefurahi sasa, mwanangu?"

Alilifikiria, kwa kuwa swali la mzazi halijibiwi ovyo. Alimfikiria mgonjwa, na cheo, na mumewe ambaye tangu Jumatatu alikuwa akikaa sebuleni na gazeti lilelile. Akaifikiria sauti ya kwenye simu.

"Ndiyo, Mama."

Nyuma ya mama kulisikika maji yakimiminwa na mtoto akikatazwa kitu.

"Basi njoo uchukue mabakuli yako. Yamekaa hapa tangu Jumapili."

"Nije leo?"

"Njoo kesho," mama alisema. "Leo shemeji yako yupo."